Paka mzee na upasuaji wa meno: mwongozo kamili wa kumwandaa na kumtuliza maumivu

Hapa Lubumbashi nimeombwa msaada na wenye paka wengi ambao kisa chao kinafanana. Paka wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu ameng'olewa meno, kazi ya daktari imekwenda vizuri, lakini siku ya tatu mnyama amejificha chini ya kitanda, hali chakula wala hanywi maji, na mtu mmoja wa nyumbani, kwa huruma tu, amemkatia nusu ya kidonge cha parasetamoli. Katika visa nilivyoviona, kosa halikuwa mezani pa upasuaji. Lilikuwa katika majuma mawili ya kabla, ambapo hakuna aliyejitayarisha, na katika siku saba za baada, ambapo hakuna aliyejua jinsi maumivu ya paka yanavyoonekana wala dawa ipi inamfaa.

Mwongozo huu unamhusu paka wa miaka kumi na kuendelea. Vipimo vya dawa vinavyotajwa humu vimewekwa ili uweze kutambua kosa linapotokea. Dawa yenyewe hupimwa na daktari wa wanyama aliyemwona paka wako.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Sanduku gumu la kubebea, au kikapu chenye kifuniko kinachofungika. Gunia na mfuko wa plastiki havifai, na paka aliyetoka usingizini hapakatwi juu ya pikipiki.
- Mizani inayosoma gramu. Mizani ya kupimia watu hukosea kwa gramu mia moja au mia mbili, na kwa paka wa kilo nne hilo ni kosa kubwa.
- Mabomba ya sindano mawili ya mililita 1 na moja la mililita 5, bila sindano zake.
- Chakula laini ambacho paka tayari anakijua.
- Chupa mbili za maji ya moto na taulo nene za kuzifungia.
- Daftari, kalamu na simu yenye kamera.
- Chumba kidogo kinachofungwa, kisicho na kabati refu la kupandia.
- Namba ya daktari atakayepokea simu usiku.
- Fedha za vipimo vya damu na za dawa ya maumivu, zikiwa zimetengwa mbali na fedha za upasuaji. Pesa zikipungua, watu hukata mambo haya mawili kwanza, na ndiyo yanayomlinda paka mzee kuliko yote.

## Hatua ya 1: Mjue paka wako akiwa katika hali yake ya kawaida

Anza wiki mbili kabla. Mpime uzito mara tatu, siku tofauti, na uandike. Akilala usingizi mzito, hesabu kifua kinavyoinuka kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Paka mwenye moyo na mapafu mazima hupumua chini ya mara 30 kwa dakika akiwa amelala. Ukipata zaidi ya hapo siku baada ya siku, mwambie daktari kabla hajapanga tarehe, kwa sababu huenda moyo ndio unaohitaji kuangaliwa kwanza.

Mpige pia picha za uso akiwa macho na ametulia, kwa mwanga wa mchana. Utazihitaji katika hatua ya 7.

Andika dalili za kinywa ulizoziona: kutokwa na udenda, kudondosha chakula, kutafuna upande mmoja, kukimbilia sahani kisha kurudi nyuma kana kwamba ameungua, harufu kali, manyoya ya mgongoni yaliyoshikamana kwa sababu ameacha kujilamba. Usisubiri alie. Paka huumwa jino kwa miezi kadhaa bila kutoa sauti, akaendelea kula kwa sababu njaa inamzidi. Wengi huwa na ugonjwa ambao mwili wenyewe unalimomonyoa jino, mara nyingi kuanzia shingo yake karibu na ufizi, na kwa nje kinachoonekana ni kipande kidogo tu cha nyama nyekundu.

Umefanikiwa ikiwa daftari lina uzito wa mara tatu, hesabu mbili za pumzi na picha zisizopungua tatu.

## Hatua ya 2: Uchunguzi na vipimo vya damu

Mji wetu una Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo waliosomea kazi hii wapo karibu. Hata hivyo si kila daktari amezoea kinywa cha paka mzee. Muulize waziwazi kama amewahi kung'oa meno ya paka na kwa njia gani. Si utovu wa adabu.

Kwa paka wa umri huu omba vipimo vya figo, ini, sukari na wingi wa damu, pamoja na kusikilizwa moyo kwa makini. Figo ndizo za kuogopwa zaidi. Kreatinini, ambayo ndiyo hupimwa kwenye damu, hupanda wazi pale takriban robo tatu ya uwezo wa figo umekwisha kupotea. Ndiyo maana mkojo nao unapaswa kupimwa uzito wake, kwa kuwa mkojo mwepesi kama maji hutoa taarifa mapema zaidi. Ikiwa paka anakula sana lakini anakonda, omba kipimo cha homoni ya dundumio, ile tezi ya shingoni. Kama daktari ana kifaa cha kupima shinikizo la damu, namba ya juu ikizidi 160 paka ametulia, jambo hilo lishughulikiwe kabla ya dawa ya usingizi.

Matokeo mabaya hayamaanishi kwamba upasuaji umefutwa. Mara nyingi yanabadilisha mpango: maji ya mshipani yanaanza mapema, dawa fulani inaachwa, muda wa usingizi unafupishwa, au meno yanang'olewa kwa awamu mbili. Nasikitika kila ninaposikia paka ameachwa na fizi zilizooza kwa miaka miwili kwa sababu mtu alisema tu kwamba amezeeka mno, bila kupima chochote.

Onyo. Mtajie daktari kila dawa aliyopewa paka katika mwezi uliopita, hasa sindano za deksamethazoni au prednisoloni. Dawa hizo zikikutana mwilini na dawa za maumivu za kundi la meloksikamu (tazama hatua ya 8), huweza kutoboa tumbo.

## Hatua ya 3: Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali tarehe

Je, paka atawekewa mrija kwenye koo la hewa? Kazi ya meno humwaga maji na damu kinywani, na bila mrija huo vinaweza kuingia mapafuni.

Je, atachomwa ganzi ya taya pamoja na dawa ya usingizi? Dawa ya usingizi humfanya asijue kinachoendelea, lakini ganzi ndiyo inayozuia mshipa wa fahamu kupeleka maumivu. Lidokaini hudumu saa moja au mbili, bupivakaini hudumu zaidi, na paka aliyechomwa ganzi huamka kwa utulivu na huhitaji dawa ya usingizi kidogo zaidi, jambo lenye thamani kubwa kwa mzee.

Kinywa kitashikiliwa wazi kwa kifaa gani? Watu wachache huuliza swali hili, nami nalisisitiza. Kifaa chenye springi kinachotanua taya kwa nguvu kwa muda mrefu huweza kubana mshipa wa damu unaolisha macho na ubongo wa paka, na wapo walioamka vipofu. Kipande kifupi kisichosukuma, kinachoondolewa mara kwa mara, kinatosha.

Ipo eksirei ya meno? Sehemu kubwa ya jino la paka imejificha chini ya ufizi, na bila picha ni vigumu kujua kama mzizi umebaki au umeyeyuka na kuwa sehemu ya mfupa. Kama haipo, muulize atahakikishaje kwamba hajaacha mizizi ndani.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, joto la paka na kifaa cha kumfuatilia vitaendeshwa na nini? Na nani, mbali na anayeng'oa, atakuwa akitazama pumzi na mapigo ya moyo tangu mwanzo hadi paka anapoinua kichwa?

Umefanikiwa ikiwa umepata jibu la kila swali bila kuambiwa "usijali".

## Hatua ya 4: Mazoezi ya wiki mbili

Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua kama utaweza kumpa dawa siku ya pili.

Kwanza, bomba la sindano. Kila siku chemsha samaki kidogo bila chumvi, bila kitunguu, bila kitunguu saumu na bila kiungo cha mchemraba, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya paka na michemraba mingi huwa na unga wake. Vuta nusu mililita ya mchuzi uliopoa, mkaribie paka kwa ubavu na si kwa mbele, pitisha ncha kwenye kona ya mdomo bila kuinua kichwa chake, kisha sukuma taratibu. Usiguse fizi zinazouma. Siku ya kumi atakuwa anakufuata ukishika bomba.

Pili, chakula laini. Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote, au kuku aliyesagwa, au chakula cha kopo, apewe sasa akiwa na afya. Ukimpa chakula kipya akiwa na kichefuchefu cha dawa ya usingizi, atakihusisha na ugonjwa na atakikataa daima. Ndakala, yaani dagaa wakavu ambao kila mtu hununua pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, zinafaa zikilowekwa, zikachemshwa na kusagwa hadi ziwe uji. Zikiwa kavu zina vichwa na miiba inayochoma kidonda. Bukari, yaani ugali, peke yake si chakula cha paka, hata likilainishwa namna gani. Samaki mtupu naye hatoshi kwa maisha yote, lakini kwa wiki mbili hana madhara.

Tatu, sanduku. Liache wazi sebuleni, ndani kuna kitambaa chenye harufu yake, na umlishe humo. Ikiwa paka wako hushikwa na hofu kubwa njiani, daktari anaweza kuagiza gabapentini ya kupewa saa mbili au tatu kabla ya safari. Itamfanya apepesuke kidogo, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo.

## Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake

Mpe chakula cha mwisho saa ambayo daktari ameitaja, mara nyingi usiku wa kuamkia siku hiyo. Tumbo tupu huzuia chakula kurudi kooni akiwa amelala. Maji ni jambo jingine: mwache anywe hadi wakati wa kuondoka nyumbani, kwa sababu figo zilizochoka hazivumilii kiu. Mwenye kisukari asifungishwe kwa mazoea, bali apangiwe na daktari ratiba yake ya chakula na insulini.

Paka wangu wa kwanza, akiwa na miaka kumi na minne, alikaa bila chakula tangu Jumatatu jioni hadi Jumanne usiku. Umeme ulikatika mahali tulipompeleka, tukaambiwa tungoje, kisha turudi kesho, na hakuna aliyeniambia nimlishe. Alifanyiwa upasuaji akiwa amedhoofika, na ilichukua siku tano kula tena. Kwa hiyo, tarehe ikiahirishwa kwa zaidi ya saa chache, mlishe papo hapo na uanze kuhesabu upya.

Muda wa kumchukua ukifika, usiondoke bila karatasi yenye jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu katika kila mililita, kiasi cha kutoa, saa za kutoa na siku ya mwisho. Asitoke kama bado ni baridi kuguswa au hawezi kuinua kichwa mwenyewe.

## Hatua ya 6: Usiku wa kwanza

Mlaze chini, ndani ya chumba kidogo chenye giza. Kitandani anaweza kuanguka, kwani miguu bado haimtii. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wetu huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na paka mzee aliyetoka usingizini hawezi kujipasha joto. Weka chupa za maji ya moto zikiwa zimefungwa taulo, upande mmoja tu wa malazi, ili aweze kusogea mbali nazo. Chupa isiyofungwa taulo, inayogusa ngozi moja kwa moja, huunguza paka asiye na nguvu ya kujiondoa.

Mpe maji kidogo akishasimama vizuri, na baada ya hapo kijiko kimoja cha chakula laini. Udenda wenye rangi ya waridi ni wa kawaida kwa saa 24. Damu nyekundu inayodondoka bila kukoma si ya kawaida: piga simu.

## Hatua ya 7: Soma maumivu usoni

Maumivu huwa makali zaidi katika siku mbili au tatu za mwanzo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, huko Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka, na mtu yeyote anaweza kukitumia nyumbani. Mtazame kwa nusu dakika akiwa macho, asipokula wala kujilamba, kisha toa alama 0, 1 au 2 kwa kila kimoja kati ya mambo matano:

- Masikio: yametazama mbele ni 0; yameachana kidogo ni 1; yamelala na kugeukia nje ni 2.
- Macho: wazi ni 0, yamefumba kiasi ni 1, yamekunjwa kwa nguvu ni 2.
- Pua na midomo: duara na laini ni 0, imekaza kidogo ni 1, imekaza na kuwa bapa ni 2.
- Masharubu: yamelegea na kupinda ni 0, yanaanza kunyooka ni 1, yamenyooka na kuelekea mbele ni 2.
- Kichwa: juu ya mabega ni 0, sawa na mabega ni 1, chini ya mabega au kidevu kimeinamia kifua ni 2.

Jumla ikifika 4 kati ya 10, dawa aliyo nayo haitoshi na daktari anapaswa kujulishwa. Linganisha na picha za hatua ya 1, kwa maana wapo paka ambao uso wao wa kila siku tayari una alama moja. Fanya hivi asubuhi, mchana na jioni, uandike. Usidanganywe na kukoroma kwa furaha: paka huweza kukoroma hivyo hivyo akiwa na maumivu.

## Hatua ya 8: Dawa zinazotuliza na dawa zinazoua

Parasetamoli haitolewi kwa paka, hata robo kidonge. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, hivyo sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba hewa. Kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo nne ni miligramu 125 kwa kila kilo, ilhali wapo waliodhurika kwa miligramu 10 tu kwa kila kilo. Dalili ni fizi za rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu kuvimba, pumzi za haraka, mkojo mweusi. Ikitokea, usimtapishe kwa chumvi. Kimbia kwa daktari saa hiyo hiyo ukiwa na pakiti mkononi. Dawa ya kupinga sumu hiyo ni asetilisisteini, ile ile ya kulainisha makohozi ya watu, kwa hiyo daktari akiikosa kwake anaweza kuipata kwenye duka la dawa.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo ni hatari. Mafuta ya karafuu, ambayo bibi zetu hutupaka kwenye jino, ni sumu kwa paka. Tramadoli ya mtaani isiguswe.

Dawa ambazo daktari huagiza mara nyingi ni mbili. Ya kwanza ni meloksikamu ya majimaji. Katika utaratibu wa Ulaya, baada ya sindano ya siku ya upasuaji paka hupewa miligramu 0.05 kwa kila kilo mara moja kwa siku, kwa siku chache tu. Marekani wao huidhinisha sindano moja pekee, kwa kuhofia figo. Angalia chupa: ya paka ina miligramu 0.5 katika mililita, ya mbwa ina 1.5, yaani mara tatu, na watu huzichanganya. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni zaidi ya mara 37 ya kipimo cha siku cha paka wa kilo nne. Itolewe pamoja na chakula, na isitolewe kabisa ikiwa paka hali, hanywi, anatapika au anaharisha.

Ya pili ni buprenofini, inayofaa zaidi pale figo zinapokuwa dhaifu. Hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu, kwa hiyo inamiminwa pale na haipaswi kumezwa pamoja na chakula, la sivyo nguvu yake nyingi hupotea. Mboni zitapanuka na atakuwa na uchangamfu usio wa kawaida. Hilo si ugonjwa.

Toa kila dawa kwa saa yake hata kama paka anaonekana mzima. Ukingoja maumivu yarudi, utahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Na ikiwa ameandikiwa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, mfuatishie maji mililita tano kila mara, kwa kuwa kidonge kikikwama hukwangua koo na kuacha kovu linaloziba.

## Hatua ya 9: Chakula na kidonda hadi siku ya kumi na nne

Pasha chakula hadi kiwe vuguvugu kama mkono wako, kwa kuwa joto hutoa harufu na paka hula kwa pua. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Akimaliza saa 24 bila kula chochote, piga simu. Asifikishe saa 48, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta hujaa kwenye ini lake na ugonjwa huo ni mgumu kuliko jino. Usimlazimishe kwa kumshindilia chakula kinywani.

Usifungue mdomo kutazama nyuzi, na wala usimpige mswaki. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe. Uvimbe wa shavu unaoongezeka baada ya siku ya tatu, harufu ya kuoza au chakula kutoka puani ni sababu ya kurudi mara moja.

Mpime uzito siku ya 3, 7 na 14. Akipoteza sehemu moja ya kumi, yaani gramu 400 kwa paka wa kilo nne, mpango ubadilishwe. Daktari amwone kati ya siku ya 10 na ya 14: ufizi unapaswa kuwa umefunga, wa rangi ya waridi, bila shimo. Hapo ndipo chakula kigumu hurudi, taratibu, na hata asiyebaki na chonge wala gego moja hula vizuri, kwa kuwa hukokota chakula kwa ulimi.

Katika siku hizo tazama manyoya ya mgongoni. Yakianza kulala na kung'aa, paka amerudi kujilamba. Liandike daftarini pamoja na tarehe, kwa kuwa siku akiacha tena ndiyo siku ya kumrudisha kwa daktari.